Kanisa la Watu na Mihrabu ya Kwetu

Abu Hamour, Doha, Ijumaa, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Faki,

Salamu na dua za safari nitakupa kesho uwanja wa ndege, mbele ya watu, kama inavyotakiwa. Barua hii naiandika nikiwa na hasira na sitaki kujifanya sina. Umekwenda mtaa wa Muaither kuwaaga wenzako, begi lako limefungwa liko juu ya kitanda, na mimi nimepata saa mbili za kukaa peke yangu katika chumba hiki tulichoishi wawili miaka mitano. Nikingoja urudi niseme kwa mdomo, nitakutukana. Karatasi inanizuia kidogo.

Mambo ya sweta, ya nyama halali na ya kupiga simu nyumbani, mama yako ameshakuambia mara kumi na sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile dole gumba uliloliweka juzi kwenye grupu la kijiji. Nitayaandika yote, hata yale unayoyajua, ili siku ukiisoma tena barua hii usiwe na pa kujificha.

Bwana Shaame, mwenyekiti wetu, aliandika kwamba ukuta wa kibla wa msikiti wa kwetu Pemba, ambao ndio ukuta pekee wa zamani uliobaki, uvunjwe pamoja na mihrabu yake, usimamishwe ukuta wa matofali, kisha ubandikwe marumaru mpaka juu. Akauliza nani anaunga mkono. Watu wakaanza kuweka madole. La kwako lilikuwa la tatu, Faki. Hukungoja hata sisi wazee tuamke.

Kesho unapanda ndege kwenda kukaa miaka miwili kwenye kijiji cha Ufaransa, ukisafisha pua za watakatifu wa watu kwa brashi laini. Na kabla hujaondoka umeshatoa ruhusa ipigwe nyundo mihrabu aliyoichonga babu yangu mzaa baba, ambaye jina lake ndilo unaloitwa wewe.

Nilipokuuliza jana ulicheka. "Baba, ile ni dole tu. Kila mtu kaweka." Nikakuuliza kama uliufikiria ule ukuta japo kwa dakika moja. Ukaniambia, "Nisipoweka watasema nimeshajifanya Mzungu hata sijafika." Wafula, yule mlinzi wa geti wa kazini kwetu Umm Salal, alikuwa amekuja kukuaga na alikuwa amekaa papo hapo, anakunywa chai na kututania. "Mzee, hii kazi ya kanisa si mngenipea mimi? Mimi ndiye Mkristo hapa." Sote tukacheka. Nikaona haya kugombana na mwanangu mbele ya mgeni, nikanyamaza. Nitakuja kwenye huko kunyamaza, maana ndiko kunakoniuma zaidi.

Kanisa unalokwenda wewe unalijua kwa picha. Mimi nalijua kwa magoti. Remi, yule fundi mkuu wa Kifaransa aliyetusimamia Umm Salal tulipokuwa tunatengeneza ile nyumba kongwe, ni mtu wa kijiji hicho. Aliona mkono wangu unaijua chokaa, na kwa kuwa kiangazi hapa kazi ya nje husimama mchana, akaniombea ruhusa kwa kafili, mwajiri anayeshika vibali vyetu, akanichukua kwao viangazi viwili. Mwaka huu magoti yamekataa kupanda ngazi, ndiyo maana ameniomba wewe. Sijui kama nilishawahi kukuambia wazi kwamba nafasi hii ilikuwa yangu.

Kijiji chenyewe ni barabara moja, duka la mikate na makaburi. Jumapili wanaosali hawajazi safu mbili za viti. Remi aliniambia kanisa lilijengwa zama ambazo wao wanaziita Kuzaliwa Upya, wakati mafundi wao walipoanza kuiga nguzo na matao ya Warumi wa kale. Nikamuuliza, basi kilichokuwa kimekufa ni nini? Akafikiri, akasema hata yeye hajui, ndivyo walivyoambiwa shuleni.

Mlango wake una nguzo nyembamba kila upande, na juu limechongwa kombe la pwani, kwa jiwe laini la manjano, mpaka unaona kila mfereji wake. Watakatifu wa ndani ni wazima, lakini wawili walio pembeni ya mlango hawana vichwa. Vilikatwa kwenye fujo zao za zamani na hakuna aliyevirudisha, kwa sababu hakuna ajuaye vilikuwaje. Ndani, yale mawe ya kufungia matao yananing'inia kutoka darini kama viwele vya ng'ombe. Siku ya kwanza niliogopa kupita chini yake. Na nyuma ya jiwe moja, upande ambao mtu wa chini hawezi kuuona kamwe, fundi fulani alichonga uso mdogo unaotoa ulimi. Nilikuwa juu ya jukwaa peke yangu nilipouona. Nilicheka mpaka Remi akaniuliza kuna nini.

Lakini hatukuitwa kwa ajili ya mapambo. Tuliitwa kwa ajili ya ukuta wa kaskazini. Wanakijiji wenyewe walikuwa wameupiga lipu ya simenti kabla mimi sijazaliwa, wakidhani wanaukinga na mvua. Maji yalipanda kutoka ardhini, yakakosa pa kutokea, yakakaa humo humo miaka. Tulipoibandua ile lipu, jiwe la nyuma yake lilimwagika kama unga. Kiangazi kizima tulikuwa na tindo ndogo na nyundo nyepesi, tunabandua kipande cha kiganja kimoja kwa wakati. Jiwe lililokufa linatolewa. Jiwe lililo hai linaachwa, hata likiwa baya la sura. Kisha chokaa, ile ile niliyokufundisha, iliyolala majini mpaka ikawa laini kama mtindi.

Nilikuwa na hasira huko pia, nikuambie kweli. Watu ambao hawajazi safu mbili walifanya mkutano wa saa tatu kubishana rangi ya mchanga wa kuchanganya na chokaa. Saa tatu, mchanga. Walileta vikopo sita vya mchanga, wakavipanga mezani, kila mmoja akavitazama. Mimi nimekaa kiti cha nyuma nawaza sisi tunaosali mara tano kwa siku, tunaoshindana kupata safu ya mbele, tuliuamua msikiti wetu barazani kati ya kikombe kimoja cha kahawa na kingine. Nilitaka kuwachukia na sikuweza. Nilichokuwa nakichukia kilikuwa kwangu mwenyewe.

Katika mkutano huo huo bwana mmoja wa serikali ya kijiji alisoma maneno yatakayoandikwa kwenye kibao mbele ya kanisa, kwamba ukuta wa kaskazini uliharibiwa na umri pamoja na mvua. Akainuka Bibi Jeanne. Huyu ndiye anayeshika ufunguo wa kanisa, mwanamke wa miaka themanini hivi, kila asubuhi alituletea kahawa chungu isiyonyweka. Akasema, na Remi akanitafsiria sikioni: "Si mvua. Ni baba yangu. Alikanda ile simenti mwenyewe, na mimi ndiye niliyemletea maji. Alilipenda kanisa hili na alikosea. Andikeni hivyo." Akakaa. Hakulia, hakuomba radhi. Yule bwana akakata mstari kwenye karatasi yake, akaandika alivyoambiwa.

Na mimi nikanyamaza. Kila neno alilolisema yule bibi lilikuwa langu, nilipaswa kusimama nami niseme, na nilinyamaza. Tulipokuwa tunarudi Remi aliniuliza kwetu tunaitunzaje misikiti ya zamani. Nikamjibu, "Kwetu hatuna shida hiyo."

Sasa sikiliza tuliyoyafanya kwetu. Ulikuwa mwaka wangu wa tatu hapa Doha, kabla ya simu hizi za kugusa. Sisi wa kijiji kimoja tuliokuwa hapa tulikubaliana msikiti wa kwetu uonekane kuwa ni wa watu wenye watoto wao Uarabuni. Mimi ndiye mwashi, kwa hiyo kazi nikapewa mimi. Nikaenda likizo, nikaingia barazani na viatu vya kampuni vya ncha ya chuma, ili waone. Babu yako, aliyekuwa mwangalizi wa msikiti ule na ndiye aliyenifundisha kukanda chokaa, aliitazama mifuko ya simenti iliyopangwa, akaniuliza swali moja. "Hamadi, maji yatatokea wapi?"

Nilijua jibu. Hilo nataka ulielewe. Sikuwa mjinga, nilijua kabisa kwamba ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukiufunika kwa simenti unauzika mzima. Nikamjibu mbele ya watu: "Baba, Doha majengo ya ghorofa arobaini yanasimama kwa simenti." Watu wakacheka. Yeye akavaa makubazi yake akaondoka.

Ubavuni mwa mihrabu, upande wa kulia, palikuwa na mstari uliochongwa kwenye chokaa: jina la Faki, jina la baba yake, na dua ya kumwombea. Unajua lipu haishiki kwenye uso laini, lazima uutoboetoboe kwanza. Asubuhi moja, wewe, ungali mtoto, ukiwa chuo cha Kurani na wenzangu, ila mmoja, wakiwa mazikoni kijiji cha pili, nilichukua tindo nikalitoboa jina la babu yangu, herufi moja baada ya nyingine, mpaka likawa vidonda vitupu. Nilitaka kazi iishe. Likizo ilikuwa wiki tatu na nilikuwa nimezitumia mbili kwa kutembelea watu na kusifiwa.

Babu alipokuja kusali adhuhuri akaona. Jina lile lilikuwa la baba yake mzazi. Akauliza, "Nani?" Nikasema, "Kombo."

Wewe humkumbuki Kombo. Alikuwa jirani yetu na fundi mwenzangu, mtu wa pole, tulianza kazi siku moja, na ndiye aliyebaki kijijini asubuhi ile. Alikana. Nani wa kumwamini, na aliyemtaja ni mtu kutoka Doha? Babu hakumpa tena kazi ya msikiti, na wengine walipoona hivyo nao wakaacha kumwita. Akahamia Tanga, akaishi huko kwa vibarua, akafia huko. Habari ya kifo chake ilipofika nilipeleka salamu za rambirambi kama mtu mwema.

Lipu yangu haikumaliza masika matatu. Chumvi ilitoka ukutani, rangi ikavimba, mapande yakaanguka. Kuta tatu zilioza ndani, zikavunjwa, zikajengwa za matofali. Ukuta wa kibla ulisalimika kwa kuwa babu yako aliibandua simenti yangu kwa mkono wake, peke yake, akaurudishia chokaa, bila kuniambia lolote. Nilipokwenda likizo nyingine nikaukuta mweupe. Wala yeye hakusema, wala mimi sikuuliza.

Huo ndio ukuta ulioutilia dole.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nilimpigia simu babu yako. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanipotea.

"Baba," nikamwambia, "jina la babu nililifuta mimi. Si Kombo."

 Nikasikia mtu anatwanga kitu uani.

"Najua," akasema.

"Wajua toka lini?"

"Toka siku ile. Weye wapiga tindo kwa mkono wa kushoto. Vidonda vyote vyaangalia upande mmoja. Kombo hakuwa na shoto."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa mgeni wa wiki tatu, mwanangu. N'lichelea kukuaibisha mbele ya watu."

Nilimwambia mtandao mbaya, nikakata. Mungu anisamehe, Faki, nimemkasirikia baba yangu mzee na hasira hiyo ipo hata sasa, utaiona kwenye mwandiko. Alijua. Alikaa msikitini miaka yote na jambo hilo, akamwacha jirani yake anyimwe riziki, ahame, afe na jina bovu, ili mimi wa Doha nisione haya. Na aliniachia niendelee kuitwa fundi. Nilitamani angenipiga kofi siku ile pale mihrabuni, ningekuwa mtu mwingine.

Kisha nikakumbuka jana, mimi na wewe na chai ya Wafula. Babu alinyamaza asiniaibishe. Mimi nilinyamaza nisiaibike. Wewe umeweka dole ili Shaame asikuite Mzungu. Huo ni ugonjwa wa nyumba yetu, hatukuupata Doha wala hutauacha hapa. Unakwenda nao, na huko utapata nafasi nyingi za kuugua. Siku utakayovunja pua ya mtu wa jiwe, na utaivunja, maana mawe yale ni laini na wewe una haraka kama nilivyokuwa mimi, utatamani kusema ni baridi, au ni fundi wa Kireno aliyepita hapo asubuhi. Sema siku hiyo hiyo, kabla chokaa haijakauka. Baadaye neno halitoki, mimi limenichukua miaka zaidi ya kumi na mwenye haki yake ameshazikwa.

Baada ya simu ile nikaandika kwenye grupu. Niliandika kwamba jina nililifuta mimi, Kombo hakuhusika, kwamba kuta tatu zilioza kwa sababu ya kazi yangu, na kwamba sikubali wa nne uguswe. Nilimtaja mjane wa Kombo kwa jina na nikamwomba radhi, nikijua wanawe wamo humo wanasoma.  Mtu mmoja akajitoa kwenye grupu, sijui ni mmoja wa hao wanawe, sikuthubutu kuangalia.

Kisha Shaame akatuma sauti. Nimeisikiliza mara nne na naiandika kama ilivyo. "Mzee Hamadi, tumekusikia, na Mwenyezi Mungu atakusamehe, hayo yashapita. Lakini mbona mtaalamu wetu ni Faki? Si ndiye anayekwenda Ufaransa kwa kazi hizi hizi za majengo ya kale? Na yeye kaunga mkono mapema kabisa. Kama lingekuwa kosa, kijana angetwambia. Basi, Jumatatu mafundi waanze, inshallah." Wakamwagika watu wote na madole yao.

Umeelewa kilichotokea? Wewe unasema ni dole tu. Kwao ni muhuri. Wamelichukua kanisa la Remi, mkutano wa mchanga, viangazi vyangu viwili na visa yako iliyogongwa wiki iliyopita, wamevigeuza kuwa nyundo. Ungekuwa kijana mwingine yeyote pale Muaither dole lako lisingekuwa na uzito wowote. Uzito umeupata kwa kuwa unakwenda kutunza ukuta wa watu.

Na mimi sina la kufanya zaidi. Neno langu nimeshalitumia, na wana haki ya kulipuuza, maana limetoka kwa mtu aliyeiharibu kazi hiyo na kusingizia mwingine. Babu hana simu ya grupu, na hata angekuwa nayo asingeandika, tumeshamwona. Umebaki wewe. Sitaki uniambie mimi kwamba umenielewa, wala usiniombe radhi, wala usinibusu mkono kwa ajili ya jambo hili. Nenda kaandike kule, kwa jina lako, walipo watu: kwamba uliweka dole bila kufikiri, kwamba unaliondoa, na sababu zake uzieleze kifundi, maji yanaingia wapi na yanatokea wapi. Watakuita Mzungu. Shaame atakuwa wa kwanza. Utaona haya kwa muda wa siku mbili tatu, kisha watapata mtu mwingine wa kumcheka.

Ukiingia utaikuta barua hii juu ya begi lako. Mimi nitakuwa nimekwenda kutembea mpaka magharibi, maana sitaki kukutazama ukiisoma.

Kesho nitakubebea begi mpaka pale wanapotuzuia sisi tusiosafiri. Nitakukumbatia na nitakuombea dua, uwe umeandika au hujaandika, kwa sababu wewe ni mwanangu na hilo sikulitilia sharti siku uliyozaliwa. Lakini kama hujaandika, usinitumie hata picha moja ya lile kanisa.

Baba yako,
Hamadi